Aliyesikiliza Kuta: Maisha ya Dk. Boaz Onyango Ogweno, 1974–2025

Wakwe zetu mliofika kutoka Ntimaru, wajomba zetu wa Karungu, walimu wenzake wa chuo kikuu, majirani wa Kanyagudo na watumishi wa Mungu, mimi ni Dorine, dadake marehemu. Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu msiba huu ni wa makabila mawili, na Kiswahili ndicho Boaz na mkewe walichopendania. Nikikosea ngeli, wifi yangu Nyangi atanisahihisha baadaye kama alivyozoea.

Boaz Onyango Ogweno alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974, jua likiwa limeshapanda, ndiyo maana akaitwa Onyango. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Yona Ogweno na Mama Kezia, binti wa Karungu, Kaunti ya Migori. Alizaliwa hapa Kanyagudo, nyuma ya mji wa Kendu Bay, ndani ya nyumba ile mnayoiona yenye mlango wa buluu. Baba aliijenga kwa mikono yake akaikandika kwa udongo mwekundu wa Got Makwar, kilima hicho kinachotutazama. Udongo huo haupasuki, na mchwa hawaupendi. Watu walikuja na punda kutoka mbali kuuchukua. Wazee walituonya kwamba mtu asilale juu ya kile kilima. Hawakusema asilale ndani ya udongo wake.

Baada ya Boaz walizaliwa Akinyi na Odhiambo, na wote wawili walifariki wakiwa wachanga katika nyumba hiyo. Maombi yalifanywa, na kuku mweusi naye akachinjwa, maana mfa maji haachi kutapatapa. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nyumba ya Ogweno inakula watoto. Mimi nilipozaliwa sikuruhusiwa hata kulala humo; nilipelekwa Karungu kwa nyanya, nikarudi nikiwa na umri wa kwenda shule. Pengine ndiyo sababu niko hai kuwasomea haya, na pengine siyo. Boaz angeninyooshea kidole hapa na kuniambia nisidai nisichoweza kuthibitisha.

Mama anasema baada ya watoto wale kuzikwa, Boaz alizoea kusimama kando ya kitanda na kubandika sikio ukutani. Baba alidhani mtoto anasikiliza mchwa. Siku moja Boaz akamuuliza, "Baba, nyumba inakulaje mtu na haina meno?" Alipigwa kofi, kwa kuwa Baba aliogopa swali lenyewe. Nadhani kaka yangu alitumia maisha yake yote kulijibu.

Alisoma shule ya msingi hapa Kanyagudo, kisha sekondari ya bweni mjini Homa Bay, ambako alipita vizuri mno katika fizikia na vibaya mno katika uimbaji. Mwaka 1995 alijiunga na chuo kikuu mjini Nairobi kusomea uhandisi. Mwaka 2003 alipata ufadhili wa kwenda Korea Kusini kusomea uhandisi wa nyuklia, na akahitimu shahada ya uzamifu mwaka 2010. Alitueleza kwamba katika idara ile kila mwanafunzi alijichagulia njia yake ya utafiti. Wapo waliotafuta jinsi ya kuzuia kinu cha nyuklia kisipate ajali, wapo waliochunguza vyuma vinavyochoka kwa joto, na wapo waliotibu saratani kwa miale. Yeye alichagua mambo mawili: kupima mnururisho, yaani ile miale isiyoonekana itokayo kwenye madini fulani ya ardhini, na kuzika taka zenye miale hiyo zisidhuru watu. Alipompigia Mama simu kumwambia anasomea taka, Mama alilia siku nzima. Alikuwa ameuza samaki miaka yote hiyo, na sasa mtoto wake amevuka bahari kwenda kuzoa taka!

Aliporudi aliajiriwa kuwa mhadhiri. Wenzake walipozungumzia vinu vikubwa vya umeme, yeye alikuwa akizunguka vijiji vya Homa Bay na machimbo ya dhahabu ya Migori, ameshika kijisanduku cha manjano kilicholingana na kitabu cha nyimbo. Kijisanduku hicho hulia tik kila kinapopitiwa na mwale. Wanafunzi walimwita Daktari wa Kuta. Katika baraza moja la chifu, mzee mmoja alisimama akamuuliza, "Wewe ndio unatuletea bomu?" Boaz akajibu, "Mzee, bomu sina. Niko na masikio tu." Watu walicheka, wakamruhusu aingie katika nyumba zao.

Nyumba aliyoiogopa ilikuwa ya kwao. Alipima kijiji kizima kabla ya kuingia kwa Mama, mnamo Desemba 2011. Mimi nilikuwa jikoni. Aliwasha mashine, nayo ikalia kama mvua inayoanza kwenye mabati. Aliizima, akatoka, akaenda kukaa karibu na zizi, na siku hiyo hakula. Nilipomfuata alikuwa akitazama kilima. Akaniambia, "Dorine, nilikuwa nikiomba nisiisikie hapa."

Alimweleza Mama kwa upole. Alisema udongo wa Got Makwar una madini yanayotoa miale, tena hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya katika nyumba iliyofungwa, mtu akaivuta akiwa amelala. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo kitu yako inalia kwa sababu umeiwasha. Izime, italala."

Boaz alicheka, lakini hakukata tamaa. Aliomba, akabembeleza, akaleta mchungaji, akaleta hata picha za mapafu. Alitoboa dirisha upande wa kitanda ili hewa ipite. Mama akaliziba kwa gunia, eti linaingiza wezi na baridi. Alitaka kumjengea nyumba nyingine, na hapo ndipo alipogonga mwamba. Kwa desturi zetu mjane haiachi hivi hivi nyumba aliyojengewa na mumewe. Mama alimwambia mbele yangu, "Hii nyumba alinijengea Ogweno. Watoto wangu wawili wamelala hapo nyuma yake. Sasa nikihama, wakija kunitafuta watanipata wapi?" Kwa hilo Boaz hakuwa na kipimo.

Mwaka 2016 alibuni hila. Alimtundikia Mama mashine moja ukutani juu ya kitanda, ikiwa imewashwa, akamwambia asiizime. Alitumaini kwamba Mama akiisikia mchana na usiku itamchosha, itamtisha, na mwishowe ataomba kuhama. Lo, kaka yangu! Alijua mambo ya chembe zisizoonekana, lakini mamake alikuwa hajamjua. Mama aliizoea. Halafu akaipenda. Boaz akiwa Nairobi, na nyumba imekuwa kimya, Mama alikuwa akiielekeza sikio na kusema, "Boaz ananisalimia." Betri zilipoisha alizitoa za redio akaziweka humo, akakosa taarifa za vifo, akakosa mahubiri. Majirani waliopita waliogopa. Walisema katika nyumba ya Kezia kuna kitu kinachogonga kutoka ndani ya ukuta na kikongwe anakijibu.

Boaz alikuwa ameoa tarehe 18 Agosti 2012. Nyangi, binti wa Mzee Gisiri wa Ntimaru, alikuwa mwalimu wa kemia, na Boaz alikuwa amekwenda kupima madarasa ya shule yake. Nyangi alimkatalia kuingia mpaka aeleze kila waya wa kile kijisanduku, na naamini ndipo Boaz alipopendea. Posa ilipofika, Mzee Gisiri aliwatazama ng'ombe wetu kwa muda mrefu, akasema, "Hawa ng'ombe wa Wajaluo ni lazima wapimwe na hiyo mashine kwanza." Boaz akawapima kweli, mmoja baada ya mwingine, uso umekazwa kama yuko maabara, mpaka Wakuria wakaanguka kwa kicheko. Ng'ombe wakapita. Mungu aliwajalia watoto wawili, Cate na Wangwe.

Jambo moja lilimtia aibu kijijini, nami sitalificha. Nyumba aliyojenga ujanani hapa bomani ilibomolewa na mvua ya El Niño, naye hakujenga nyingine. Mtu mzima, daktari, ana mke na watoto, lakini akija kwao analala gesti Kendu Bay! Walimcheka. Walisema elimu imemfanya mgeni. Ukweli ni kwamba aliapa hatalala katika udongo safi wakati mamake analala katika ule mbaya. "Mama akihama leo," alisema, "kesho naleta fundi."

Mnamo Novemba 2023 alianza kuchoka na kupungua uzito. Madaktari wa Nairobi waligundua saratani ya damu. Alitibiwa huko, kisha Kisumu ili awe karibu na nyumbani. Wapo waliosema, na wengine wenu mko hapa, kwamba mashine yake ndiyo iliyomuua. Mbwa akimbwekea mwizi, mnamlaumu mbwa? Mimi nilitaka kusema ni kilima. Nilimwambia hivyo hospitalini, naye akanishika mkono, akasema, "Usiandike hivyo. Mtu mmoja hathibitishi kitu, hata akiwa ni mimi. Andika kwamba hatujui." Nimeandika, kaka. Hatujui. Lakini mimi si mtafiti, mimi ni dadako, na kila nikikitazama kile kilima nakichukia.

Alitutoka Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, asubuhi, katika hospitali moja mjini Kisumu, mkewe akiwa kando yake. Maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa juu ya Mama. Alimwambia Nyangi, "Nilimwachia ile sauti nikidhani itamfukuza. Kumbe ndiyo inayomshikilia mle ndani. Mtoeni, lakini msimnyang'anye."

Sasa, wakwe zetu, niwaeleze mliyoyakuta hapa wiki hii. Kwetu mwanamume mwenye mji hazikwi kama hana nyumba bomani; mwili wake lazima uingie kwake kwanza, na mjane wake alale humo. Kwa hiyo baba yetu mdogo, Mzee Ochuodho, aliwakusanya vijana wajenge haraka. Walifanya kazi kama siafu. Fito zikasimama, mabati yakapanda, na kuta zikakandikwa kwa udongo ulio karibu zaidi, udongo mzuri usiopasuka, kama walivyojenga babu zao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nyangi alipowasili na Mokua, fundi wa maabara ya Boaz chuoni, aliichukua mashine ya marehemu akaisogeza ukutani. Mvua ile ile ya mabati. Sisi sote tuliokuwa pale tuligeuka, kana kwamba marehemu amekohoa.

"Boaz haingii humu," Nyangi akasema.

Mzee Ochuodho alikasirika. Baba mdogo, nivumilie, leo kalamu ni yangu. Alimwambia huyo binti wa Wakuria, "Nyar Kuria, hii mchanga ndio tulizaliwa ndani. Imekuwa mbaya lini? Halafu maiti haiwezi gonjeka."

"Maiti haigonjeki, Mzee. Lakini mimi ndiye nitakayelala humu, tena na watoto wake."

Walibishana mpaka Mama akatoka mlangoni pake. Alikuwa amefunga leso kifuani, fimbo mkononi. Hakumtazama yeyote. Alisema, "Ochuodho, bandua. Mtoto wangu alikimbia hiyo udongo maisha yake yote. Hamtamfungia ndani yake akiwa hawezi kukimbia."

Ilibanduliwa. Lori la wajomba zetu lilikuwa linajiandaa kutoka Karungu na waombolezaji na fahali wa matanga, nao wakapigiwa simu wabebe na udongo. Boaz alikuwa ameupima udongo wa kwa kina Mama zamani, akautaja kuwa salama. Basi lori likaja, udongo chini, watu juu yake, fahali katikati, wote wamepakaa vumbi, wanaimba. Alhamisi nyumba ya marehemu ilikuwa imekamilika. Ndiyo nyumba salama pekee katika boma hili, na desturi hairuhusu mama kulala katika nyumba ya mwanawe. Niliposimama mlangoni pa nyumba hiyo nililia kwa hasira. Alikuwa amejengewa yeye, aliyekufa, nyumba ambayo alimtamania mama aliye hai.

Lakini udongo wa Karungu ulibaki, na desturi iliyotuponza ndiyo iliyotuokoa. Nyumba ya mama wa marehemu hupakwa upya kabla ya mazishi. Mama hangeweza kukataa. Jana, Ijumaa, wanawake wa boma tuliingia. Hatukupaka juu ya ukuta wa zamani kama ilivyo kawaida. Tuliuloanisha kwa maji ili vumbi lisiruke, tukafunga leso puani kama alivyotuelekeza Mokua, tukabandua mpaka kwenye fito, tukajaza magunia. Kisha tukapaka upya. Dirisha nalo likatolewa gunia, na mwanga ukafika kitandani. Sakafu itafuata.

Alasiri Mama aliingia. Tulikuwa tunangojea atusifu. Mashine ilikuwa pale pale juu ya kitanda. Ilisema tik. Kisha kimya kirefu. Kisha tik.

Mama akauliza, "Mbona amenyamaza?"

Aliigonga kwa kidole, akaisogelea, akaweka sikio, kama vile mwanawe alivyokuwa akiweka ukutani. Kisha akakaa chini, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ya Jumanne ile. "Mmemzika kabla ya siku yake," alisema. "Nirudishieni kipande kimoja tu. Cha upande wa kitanda. Kidogo tu, aseme."

Ndugu zangu, nilitaka kumpa. Nasema kweli mbele ya Mungu na mbele ya jeneza hili, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye gunia. Nyangi ndiye aliyeketi sakafuni kando yake. Akamwambia, "Mama, alijua. Alijua unamsikia humo. Aliniambia nikutoe lakini nisikunyang'anye." Kisha akamweleza kazi ile ya taka. Kwamba kitu cha namna hii hakizimwi wala hakichomwi. Hutengwa na mahali watu wanapolala, huzikwa chini kabisa, na kuachiwa miaka. "Ile kazi ya kuzoa taka uliyoililia, Mama, ndiyo tutakayoifanya kesho. Ataifanya pamoja nasi."

Kwa sababu hiyo vijana wamechimba kaburi hili kwenda chini kuliko kawaida. Magunia mnayoyaona pale ni ukuta wa Mama. Yatatangulia, yatafunikwa kwa udongo wa Karungu, kisha Boaz atashushwa juu yake, kama mlinzi. Mama amekubali kwa sharti moja: mashine iwekwe juu ya kaburi na kiti chake kando yake. Mokua, ambaye ni mtu mkweli, alimwonya kwamba mashine huku nje itasikia kilima tu, haitamsikia Boaz. Mama alimtazama. "Mwanangu," akasema, "wewe ulifanya kazi naye. Mimi nilimzaa." Mokua akaenda kutafuta betri mpya.

Dk. Boaz ametanguliwa na babake, Mzee Yona Ogweno, na ndugu zake wachanga, Akinyi na Odhiambo. Ameacha mjane, Mwalimu Nyangi. Watoto wake, Cate na Wangwe. Mimi dadake, Dorine. Baba mdogo, Mzee Ochuodho. Wajomba wa Karungu, wakwe wa Ntimaru, na wanafunzi wengi wanaoogopa kuegemea kuta. Na ameacha mamake, Mama Kezia, ambaye kiti chake mnakiona kimeshawekwa pale kaburini, mahali penye upepo.

Tukimaliza kufukia, tunaomba kwaya isianze upesi. Tunyamaze kidogo ili Mama asikie. Atakayesikia kitu kikigonga asiogope.

Pumzika kwa amani, kaka. Mama ametoka nje.